Gharama za ujenzi kisiwani Unguja

Gharama za ujenzi kisiwani Unguja ni fedha zinazotumika kununua vifaa, kulipa mafundi, kusafirisha mizigo na kupata kiwanja ili jengo lisimame katika kisiwa hicho kikubwa zaidi cha Zanzibar, nchini Tanzania. Gharama hizi zina sura tofauti na zile za Tanzania Bara kwa sababu sehemu kubwa ya vifaa huvuka bahari, na baadhi ya vile vinavyopatikana kisiwani penyewe, hasa mchanga, haviongezeki.

Tangu miaka ya 2010 Unguja imekuwa na miradi mingi mikubwa kwa wakati mmoja: uwanja wa ndege, barabara, viwanja vya michezo, miji mipya ya Fumba, hoteli za pwani na ukarabati wa Mji Mkongwe. Miradi hiyo hutumia bandari ileile, mchanga uleule na mafundi walewale wanaotegemewa na mwananchi anayejenga nyumba yake chumba kwa chumba. Kwa hiyo suala la gharama si la wakandarasi peke yao.

== Usuli ==

Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa hasa katika karne ya 19 kwa vitu vilivyopatikana karibu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe hayohayo katika matanuri ya kuni. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito kwenye nafasi pana, vyumba vingi vya kale vina upana wa mita 3 hivi. Biashara ya boriti ilikuwa kubwa katika pwani yote: majahazi yalizipeleka kutoka Rufiji na Lamu hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni michache.

Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash bin Said, lilibadilisha utaratibu huo. Nguzo zake za chuma zililetwa kwa meli kutoka nje, na mihimili ya chuma iliwezesha kumbi pana kuliko zile za boriti. Tangu wakati huo jengo kubwa la Zanzibar limetegemea shehena ya kutoka ng'ambo ya bahari.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, saruji ilichukua nafasi ya chokaa katika ujenzi wa kawaida. Serikali ya Mapinduzi ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na baadaye Michenzani, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki na kazi za kujitolea za wananchi. Tofali la saruji, nondo na bati vikawa ndivyo vifaa vya kila nyumba, mjini na shamba.

== Vifaa vinavyovuka bahari ==

Viwanda vikubwa vya saruji vya Tanzania vyote viko Bara. Kile cha Wazo, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Kingine kiko Tanga, na cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015. Nondo na mabati nayo hutoka Bara au nchi za nje. Vioo, vigae, nyaya, pampu, lifti na mitambo ya kupozea hewa huagizwa kutoka mbali zaidi.

Kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi ni takriban kilomita 70 tu kwa njia ya bahari, lakini umbali si ndiyo gharama pekee. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hupakiwa kwenye lori kiwandani, hushushwa bandarini, hupakiwa melini, hushushwa Malindi, hupakiwa tena kwenye lori na kushushwa dukani au kwenye eneo la ujenzi. Kila hatua ina malipo ya wapagazi, ushuru wa bandari na hatari ya mfuko kupasuka au kupata unyevu. Saruji iliyoingia unyevu huganda na kupoteza nguvu, hivyo mwenye duka wa Unguja hawezi kuweka akiba kubwa kwa muda mrefu bila hasara.

Bandari ya Malindi yenyewe ni kikwazo cha zamani. Ilijengwa katika miaka ya 1920 pembezoni mwa Mji Mkongwe na haina nafasi ya kupanuka, kwa sababu nyuma yake kuna mji wenye hadhi ya Urithi wa Dunia na mbele yake kuna bahari. Gati lake lilijengwa upya kwa fedha za Umoja wa Ulaya katika miaka ya 2000. Mwaka 2023 uendeshaji wa shughuli za makontena ulikabidhiwa kampuni ya Africa Global Logistics, baada ya miaka ya malalamiko kuhusu meli kusubiri nangani kwa muda mrefu. Meli inaposubiri, gharama za kila siku ya kusubiri huingizwa kwenye bei ya mzigo, na mwisho wake hulipwa na mnunuzi wa nondo au vigae. Ndiyo maana serikali imepanga kujenga bandari mpya Mangapwani, kaskazini mwa mji.

Hata umeme huvuka bahari. Waya wa kwanza wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulianza kutumika mwaka 1980. Ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 kwa ufadhili wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kila hoteli na kila jengo refu linalopangwa kisiwani hulazimika kuingiza jenereta au sola katika bajeti yake kwa kukumbuka historia hiyo.

== Mchanga, mawe na kokoto ==

Unguja ni kisiwa cha mwamba wa chokaa na matumbawe. Mawe yapo kwa wingi, na katika vijiji vya mashariki na kusini wananchi bado huchonga mawe ya kujengea kuta. Mchanga mzuri wa ujenzi, kwa upande mwingine, unapatikana katika maeneo machache, yakiwemo Donge na Kiombamvua katika Mkoa wa Kaskazini Unguja. Mchanga huo hauji na mito mikubwa kila mwaka kama ilivyo Bara. Ukichimbwa, umekwisha, na mahali pake hubaki mashimo ambayo hayalimiki kwa urahisi.

Serikali imeuweka mchanga katika kundi la maliasili zisizorejesheka na inadhibiti uchimbaji na usafirishaji wake kwa vibali. Udhibiti huo hulinda mashamba, lakini pia hufanya bei ya gari la mchanga ipande na upatikanaji wake uwe wa kusubiri. Mchanga wa ufukweni si suluhisho. Kuuchukua kunaharibu fukwe zinazotegemewa na utalii, na chumvi yake hula nondo ndani ya zege, hivyo nyumba huanza kupasuka baada ya miaka michache.

Kokoto za matumbawe hufaa kwa nyumba za kawaida. Kwa zege la majengo marefu na madaraja huhitajika kokoto ngumu zaidi, za aina inayochimbwa Bara katika maeneo kama Lugoba, mkoani Pwani. Hapo tena gharama ya usafiri inaweza kuzidi thamani ya kokoto zenyewe.

== Miradi mikubwa ==

=== Jengo la tatu la abiria ===

Jengo la tatu la abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume linaonyesha jinsi muda unavyozaa gharama. Kazi ilianza mwaka 2011, ikifanywa na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group kwa mkopo wa dola milioni 70.4 kutoka Benki ya Exim ya China. Baadaye ilibidi michoro ibadilishwe, kazi ikasimama, na fedha za nyongeza zikahitajika. Abiria walianza kulitumia baada ya takriban muongo mmoja. Katika kipindi kama hicho bei za chuma na vifaa vya umeme hubadilika, thamani ya shilingi hushuka dhidi ya dola, na ulinzi wa eneo huendelea kulipiwa hata wakati hakuna fundi anayefanya kazi.

=== Fumba ===

Rasi ya Fumba, kusini mwa mji, ilitangazwa kuwa eneo huru la kiuchumi katika miaka ya 1990 ili kuvutia viwanda. Leo inajulikana zaidi kwa miji ya makazi inayojengwa na wawekezaji binafsi, ikiwemo Fumba Town ya kampuni ya CPS na mradi wa makazi wa kundi la Bakhresa. Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010 iliwawezesha wageni kununua nyumba ndani ya majengo yaliyoidhinishwa, ingawa ardhi yenyewe hubaki mali ya serikali. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi za huko hutangazwa kwa bei ya dola.

CPS imetumia mbao zilizotayarishwa kiwandani katika baadhi ya majengo yake, na mwaka 2022 ilitangaza mpango wa mnara wa Burj Zanzibar wenye ghorofa 28 na urefu wa mita 96, utakaochanganya mbao na zege. Hoja ya kiuchumi ya mbao ni kwamba hupunguza saruji na mchanga, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kiwandani. Hata hivyo mbao za aina hiyo nazo husafirishwa kutoka mbali, na katika hewa ya chumvi na mchwa huhitaji kutunzwa kwa uangalifu.

=== Viwanja vya michezo na barabara ===

Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ulifunguliwa tena Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa uliofanywa na kampuni ya Orkun ya Uturuki. Tanzania, Kenya na Uganda zilichaguliwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na uteuzi huo uliongeza kasi ya ujenzi wa miundombinu. Wakati huohuo barabara za mjini zimepanuliwa, na mji umepata daraja lake la juu katika makutano ya Mwanakwerekwe. Kazi zenye tarehe ya mwisho isiyoweza kusogezwa huwa ghali zaidi, kwa kuwa mkandarasi hawezi kusubiri bei ishuke.

== Dola, mikopo na bei za dunia ==

Miradi mingi mikubwa hupangwa kwa dola, huku kodi na mapato mengi ya wananchi yakiwa kwa shilingi. Bei ya usafiri wa makontena duniani ilipanda mara kadhaa mwaka 2021, kutokana na misukosuko ya janga la UVIKO-19. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliathiri bei ya mafuta na chuma. Mwaka 2023 Tanzania ilikumbwa na uhaba wa dola, na kuanzia mwishoni mwa mwaka huo mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mkandarasi aliyefunga mkataba kwa bei isiyobadilika kabla ya matukio hayo alikuwa na njia tatu: kupata hasara, kuomba nyongeza au kupunguza ubora. Njia ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu haionekani siku ya uzinduzi.

== Mji Mkongwe ==

Mji Mkongwe uliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuna majengo takriban 1,700 ndani yake, na ukarabati husimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Hapa gharama zina kanuni tofauti. Nyumba ya matumbawe inahitaji chokaa, kwa kuwa ukuta wake hupumua: unyevu huingia na kutoka. Plasta ya saruji huufungia unyevu ndani, chokaa ya kale hulainika, na ukuta huanza kubomoka kutoka ndani. Saruji ni rahisi kupatikana na hukauka haraka, lakini katika nyumba ya namna hii unafuu wake ni wa miaka michache.

Mafundi wanaojua kuandaa chokaa na kurekebisha dari za boriti wamepungua, na ukataji wa mikoko umedhibitiwa kwa sababu za mazingira. Aidha, nyumba nyingi ni za serikali au za wakfu. Wapangaji hulipa kodi ndogo ambayo haitoshi matengenezo, na ukarabati unapocheleweshwa bei yake huongezeka kila masika.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati jengo likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Watu wawili walifariki dunia. Sehemu ya jengo hilo ilikuwa imeshawahi kuanguka mwaka 2012. Tukio hilo lilionyesha kwamba kuahirisha matengenezo si kuokoa fedha. Deni huendelea kukua, na linapodaiwa huweza kulipwa kwa maisha ya watu.

== Ulinganisho na miji ya Marekani ==

Nchini Marekani tofauti ya gharama kati ya mji na mji hupimwa kwa fahirisi. Jarida la Engineering News-Record limechapisha fahirisi ya gharama za ujenzi tangu mwaka 1921, kwa kufuatilia bei katika miji 20. Kapu lake lina vitu vinne tu: saa 200 za kibarua, pamoja na viwango maalumu vya chuma, saruji na mbao. Kwa kuwa kapu halibadiliki, msomaji anaweza kuona bei zinavyokwenda mwaka hadi mwaka.

Katika miji ya bara la Marekani, kitu kinachotofautisha sana New York na miji ya kusini ni ujira. Mfano wa karibu zaidi na Unguja ni Honolulu, Hawaii. Sheria ya Jones ya mwaka 1920 inataka mizigo kati ya bandari za Marekani ibebwe na meli zilizojengwa Marekani, zinazomilikiwa na kuendeshwa na Wamarekani, na sheria hiyo hutajwa mara nyingi miongoni mwa sababu za bei kubwa za ujenzi katika visiwa hivyo.

Viwanda vikubwa vya chipu navyo vina funzo. Kampuni ya TSMC ilitangaza kiwanda cha Phoenix, Arizona, mwaka 2020 kwa dola bilioni 12. Mwaka 2023 ilisema uzalishaji utachelewa kwa sababu ya uhaba wa mafundi wenye ujuzi maalumu, na kufikia mwaka 2025 mpango wote ulikuwa umepanuliwa hadi dola bilioni 165. Intel ilitangaza mradi wa Ohio mwaka 2022, kisha ikausogeza mbele kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kuchelewa si tatizo la nchi maskini pekee. Tofauti ni kwamba uchumi mkubwa unaweza kubeba mradi mmoja uliochelewa bila bei ya saruji ya mtaani kutikisika, ilhali kisiwa chenye bandari kuu moja hakiwezi.

== Athari kwa wananchi ==

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikua kutoka watu 593,678 hadi 893,169. Watu laki tatu wa ziada katika miaka kumi wanahitaji nyumba, na wengi wao hujijengea wenyewe bila mkopo wa benki. Mtu hununua kiwanja, hujenga msingi, hununua matofali kidogo kidogo, kisha husubiri miaka kabla ya kuezeka.

Ujenzi wa namna hii huathirika sana na kupanda kwa bei. Mkandarasi mkubwa anaweza kuagiza meli nzima, kupata msamaha wa ushuru kupitia mamlaka ya uwekezaji na kulipa fundi zaidi. Mjenzi mdogo hununua kwa bei ya duka la siku ile. Kadiri vifaa na viwanja vya mjini vinavyopanda, makazi husogea kwenye mashamba ya Wilaya za Magharibi, na ardhi ya kilimo hupungua. Wapo pia wanaofaidika: mafundi, madereva, wenye maduka ya vifaa na vijana wanaopata kazi katika miradi, wakiwemo wengi waliotoka Bara.

== Mjadala wa sera ==

Hoja ya kwanza ni takwimu. Ujenzi si jambo la Muungano, na fahirisi ya wazi ya bei za saruji, nondo, mchanga, kokoto, bati na ujira wa fundi kwa Unguja na Pemba ingemsaidia mwananchi kujua kama bei imepanda kwa sababu ya dunia au ya dalali. Ingesaidia pia kuandika mikataba inayorekebisha bei kwa haki.

Hoja ya pili ni mpangilio wa miradi. Miradi mikubwa inapoanza pamoja hugombania bandari, mchanga na mafundi. Ikipangwa kwa zamu, na bandari ikitangulia mengine, shinikizo hupungua.

Hoja ya tatu ni vifaa vya kisiwani. Jiwe la matumbawe lililokatwa vizuri hupunguza mchanga na saruji katika ukuta, ingawa machimbo ya mawe nayo yanahitaji kudhibitiwa na kufukiwa. Mafunzo ya chokaa yangelinda Mji Mkongwe na kuwapa vijana kazi ambayo haiwezi kuagizwa kwa kontena.

== Tazama pia ==

* Mji Mkongwe
* Beit al-Ajaib
* Unguja
* Bandari ya Malindi
* Fumba
* Uwanja wa Amaan